Namba moja, pikipiki tatu: Mshtuko wa muuza maziwa wa Sapiwi

Ng'ombe wa jirani bado wanakamuliwa, na Esteria Mayige yuko uani anavutana na kamba ya mpira. Madumu mawili ya maziwa yamekaa kushoto na kulia kwa kiti cha pikipiki. La tatu linakataa kukaa. Analisukuma kwa goti, anakaza kamba, kisha anavaa kofia ngumu na kuniashiria nipande nyuma.

"Maziwa hayana subira," anasema. "Ukichelewa yanakugeuka. Binadamu nao wako hivyo hivyo, ila maziwa angalau yana sababu."

Esteria ana miaka 32, ni mama wa watoto watatu na mke wa fundi cherehani. Kila siku ananunua maziwa kwa wafugaji wa Sapiwi kwa shilingi 1,000 lita moja, anayapeleka Bariadi mjini na kuyauza 1,500 kwenye migahawa na kwa watumishi waliohamia kutoka mikoa mingine. Akitoa mafuta na yanayoharibika njiani, siku njema humwachia kama shilingi 20,000. Siku mbaya humwachia mtindi.

Pikipiki ni yake mwenyewe, aliyoinunua baada ya kuuza mitamba wawili aliopewa na baba yake. Kadi ina jina lake. Ana leseni na bima, na kwa maelezo ya askari wanaomfahamu hajawahi kuandikiwa kosa lolote njiani.

Hata hivyo, akimwona askari wa usalama barabarani, Esteria hupunguza mwendo hata kama alikuwa anakwenda taratibu. Asubuhi hiyo mwandishi wa makala haya alikuwa amepakiwa nyuma na anaweza kushuhudia kwamba tulipitwa na baiskeli, tena iliyobeba kuni.

Ukisikia yaliyompata huwezi kumcheka.

Ilikuwa Desemba mwaka jana, naye alikuwa amerudi kazini baada ya kujifungua mtoto wake wa mwisho, Nancy. Karibu na kuingia mjini alisimamishwa na Koplo Georgina Laurean, askari aliyehamia Bariadi kutoka Kagera. Ukaguzi ulikuwa wa kawaida. Georgina aliingiza namba ya pikipiki kwenye mashine ya mkononi, akatazama, akaingiza tena.

"Unaingiza namba ukitegemea labda bima imeisha," Georgina anasimulia. "Mimi nikakuta mtu anatafutwa na mahakama. Nikamtazama, mama wa watu, ana madumu ya maziwa. Nikadhani nimekosea tarakimu."

Hakuwa amekosea.

"Zima pikipiki, mama. Nipe ufunguo," alimwambia.

"Kosa langu nini, afande?"

"Wewe ndiye Esteria Mayige?"

"Ndiye."

"Una hati ya kukamatwa. Mwezi wa nane ulimgonga mtu Lagangabilili, ukakimbia."

Esteria anasema alicheka. Hakucheka kwa dharau, anasisitiza, bali kwa sababu hajawahi kufika Lagangabilili kwa pikipiki hata siku moja. Georgina alipomgeuzia mashine aone mwenyewe, kicheko kiliishia hapo. Chini ya namba yake kulikuwa na faini kumi na moja ambazo hazijalipwa: kutovaa kofia, kupakia abiria wawili, kukaidi amri ya kusimama. Nyingi zilitolewa Lagangabilili, baadhi Maswa mjini, na mbili Sola, kijiji alikozaliwa.

Juu ya hizo kulikuwa na ajali. Mwanamke mmoja muuza dagaa, Lukresia Januarius, alivunjwa mguu kando ya barabara siku ya gulio. Aliyemgonga hakusimama, lakini watu waliisoma namba. Wito wa mahakama ulipelekwa mara mbili kwenye nyumba ya kupanga mjini ambayo Esteria alishaihama, na kwa kuwa hakutokea, hakimu akatoa hati.

"Nilishuka kwenye pikipiki," anasema. "Nilimuuliza afande, huyo mtu alikufa? Akasema hapana. Nikakaa chini palepale barabarani."

Alishinda kituoni. Kufikia mchana maziwa yalikuwa yameganda, vifuniko vya madumu vikavimba, na mahabusu mmoja akauliza kama kituo kimefungua zizi. Lita sitini zilimwagwa nyuma ya jengo huku mwenye nazo akitazama.

Kilichomwokoa asilale ndani ni tarehe. Siku ya ajali Esteria alikuwa wodini, amejifungua Nancy usiku wa kuamkia siku hiyo, na wakunga walimkumbuka. Asingeweza kuwa juu ya pikipiki. Lakini kama alidhani mambo yameisha, alikuwa hajaijua sheria.

"Nilimwamini," anasema Georgina. "Ila imani yangu haifuti hati. Mwenye chombo anatakiwa amtaje aliyekuwa anakiendesha. Akishindwa, mzigo unabaki kwake."

Mahakama ilimpa dhamana na mwezi mmoja wa kumtaja mwendeshaji. Pikipiki ilibaki kituoni. Esteria alirudi Sapiwi kwa miguu, mgongoni mtoto aliyekuwa ameletewa kituoni anyonye, akiwa na swali moja tu kichwani: kama yeye alikuwa wodini, nani alikuwa na ufunguo?

Jibu lilikuwa jepesi mno. Ufunguo alikuwa nao mumewe.

"Alinikuta nashona suruali ya mwanafunzi," anakumbuka Paschal, ambaye ni mtu wa maneno machache. "Akauliza, ulimpa nani pikipiki? Nikamwambia sijampa mtu. Hakuuliza tena kwa mdomo. Aliendelea kuuliza kwa kunyamaza."

Kwa siku kadhaa Paschal alilala juu ya meza ya kukatia vitambaa. Majirani waliposikia neno Lagangabilili wakamaliza hadithi wenyewe: kuna mwanamke huko. Esteria hakukataa. Anakiri alishaanza kumchora kichwani, mpaka rangi ya kitenge chake.

Mama mkwe alikuwa na maelezo mengine. Alisema pikipiki hiyo imechezewa, inatoka yenyewe na kurudi alfajiri, na ndiyo maana mafuta huisha haraka. Mganga mmoja alikubaliana naye na akataka mbuzi mweusi. Mbuzi alipatikana na akaliwa, na hati ya mahakama ikabaki palepale.

Georgina ndiye aliyempa ushauri uliozaa kitu. Alimwambia faini nyingi zimeandikwa siku za gulio, kwa hiyo aende Lagangabilili siku ya gulio, asimame, atazame vibao vya nyuma.

Alikwenda na Paschal, kwa kuwa alitaka kumwona uso atakapokutana na huyo mwanamke wa kitenge. Hawakuzunguka sana. Karibu na wauza karanga ilikuwa imeegeshwa pikipiki nyekundu, imepakwa matope hadi kwenye taa, na nyuma yake ilikuwa na namba ya Esteria, herufi kwa herufi.

"Niliisoma mara tatu," anasema. "Pikipiki yangu ni ya bluu na iko polisi. Hii ni nyekundu na iko mbele yangu."

Paschal, baada ya kulala mezani bila hatia, naye alikuwa na lake rohoni. Anasema alivuta pumzi ili apige yowe la mwizi. Kila anayeishi huku anajua yowe hilo hufanya nini gulioni. Watu huja na mawe kabla hawajauliza jina.

"Neno lilikuwa limeshafika hapa," anasema, akigusa koo lake. "Esteria akanishika mkono. Akasema, ngoja kwanza tumwone."

Mwenye pikipiki akatokea, amebeba kilo mbili za sukari. Alipowaona alitabasamu.

"Mwangaluka, dada," alisalimia kwa Kisukuma. "Shemeji, mmekuja gulioni na hamkusema?"

Alikuwa Shida, mdogo wake Esteria wa tumbo moja.

Paschal anasema hadi leo akikumbuka hapo hutokwa na jasho. Pumzi moja tu zaidi, na angemuua shemeji yake kwa mdomo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sidhani kama waliwahi kuona kinachokula kikiwa kimebeba sukari na kikiuliza hali ya watoto.

Shida hakukimbia wala kuificha namba. Alipoulizwa ameipata wapi, alishangaa kuulizwa. "Kwani si namba ya nyumbani?" alijibu. "Hata ya Limbu ina hiyo hiyo." Limbu ni kaka yao mwingine.

Walikwenda Sola siku hiyohiyo. Esteria hakuwa amefika kwao tangu mimba ilipokua kubwa, na wakati huo kaya ilikuwa haina pikipiki. Sasa, mbele ya zizi, ilisimama ya Limbu, nyeusi, na nyuma yake namba ile ile. Shida aliegesha yake pembeni. Baba yao, mzee Mayige Limbu, mwenye ng'ombe zaidi ya hamsini na heshima zake kijijini, alitoka ndani akiwa na furaha ya mtu aliyepata wageni.

"Umeziona?" alimuuliza binti yake. "Zote za kwetu."

Mzee alieleza bila kona. Alipouza pamba aliwanunulia vijana pikipiki mbili kuukuu kutoka kwa watu, hazina kadi wala vibao. Ng'ombe wake wote wana alama moja ya moto ubavuni, aliyoachiwa na baba yake. Popote wanapopotea, mtu akiiona alama anajua ni wa mji wa Mayige, yaani kaya yake, na kuwarudisha. Pikipiki ya kwanza katika ukoo ilikuwa ya Esteria. Basi namba yake ndiyo alama ya pikipiki za mji. Alimpata fundi gulioni, akamchongea vibao viwili.

"Ulitaka niweke namba ya nani?" alimuuliza. "Ya mtu baki?"

Kilichofuata, Esteria anakisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Baba yake alikuwa amempigia simu mwezi wa saba.

"Aliniambia, ng'wana wane, mwanangu, nisomee namba ya pikipiki yako. Nikadhani anataka kuiombea kwa mababu, maana nilikuwa mjamzito na bado naendesha. Nikaona baba ananipenda. Nikamsomea polepole, na akanirudishia ili asikosee."

Mwandishi wa makala haya ameripoti kesi za mahakamani kwa miaka kadhaa, ameona vibao vya wizi na vya magendo. Kibao bandia kilichowekwa kwa mapenzi ya mzazi hakuwahi kukiona. Nilimuuliza Esteria arudie, nikidhani sikusikia vizuri.

Na zile faini? Shida na Limbu walikuwa wakisimamishwa, wanapewa karatasi na kuambiwa watalipa baadaye. Walielewa kuwa karatasi hiyo ndiyo ruhusa ya kuendelea na safari, na waliitunza kwa heshima hadi ikalowa jasho.

Ajali ilikuwa jambo jingine. Esteria alipotaja muuza dagaa, Shida alitazama chini.

"Nilisikia kishindo," alisema. "Nikaona watu wanakuja mbio. Nikajua wataniua."

Usiku ule ndugu walikaa. Mzee kwanza alisema ng'ombe wapo, wauzwe, faini zilipwe, mambo yaishe. Esteria akaeleza kwamba faini zitalipika lakini mahakama inataka jina. Akilitoa jina, Shida atafungwa. Asipolitoa, mzigo ni wake, na Nancy bado ananyonya.

Mama yao, Ng'washi, akamgeukia Esteria.

"Ukimtaja mdogo wako, mimi usiniite tena mama."

Esteria anasimulia hayo akipanga madumu matupu, na kwa muda anapanga bila kuyatazama. Anasema wakati huo aliamua. Angejitaja yeye, angesema pikipiki ilikuwa mikononi mwake na angefungwa. Kunyonyesha kungejulikana huko huko.

Aliyefuata kusema ni mzee Mayige, na hakuuliza habari za hati.

"Huyo mama wa dagaa," aliuliza, "anatembea?"

Hakuna aliyejua. Tangu mwezi wa nane hakuna mtu wa mji ule aliyekwenda kutazama. Mzee aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine.

"Ng'ombe wangu akila shamba la mtu, mwenye shamba anatazama alama, anakuja kwangu," alisema. "Sijawahi kumwambia huyo si wangu. Alama si ya kurudishiwa mali tu. Ni ya kulipia pia. Sasa alama yangu imevunja mguu wa mtu, halafu nijifiche nyuma ya binti yangu?"

Ng'washi aliondoka barazani. Asubuhi Shida aliamka kabla ya baba yake na kumngoja mlangoni, amevaa viatu.

Koplo Georgina anakumbuka walivyoingia kituoni Bariadi. Mzee alikuwa na vibao viwili alivyoving'oa mwenyewe, vimefungwa kwenye kanga, akavikabidhi kama mtu anayerudisha sahani za jirani. "Nimesikia uongo mwingi katika kazi hii," anasema. "Yule mzee aliniambia ukweli mpaka nikashindwa niandike kosa gani kwanza."

Januari, Shida alikiri kuendesha bila leseni, kumjeruhi mtu na kukimbia. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na kumlipa fidia Lukresia. Mzee alitozwa faini kwa kutumia namba zisizo halali, na pikipiki mbili zimezuiwa hadi zisajiliwe kila moja kwa namba yake. Ng'ombe saba waliuzwa. Fundi wa vibao hajaonekana gulioni tangu habari zienee. Hati ya Esteria ilifutwa, faini kumi na moja zikaondolewa, na pikipiki ya bluu ikarudi na buibui ndani ya taa.

Siku hizi kila Jumapili Esteria huingiza namba yake kwenye simu kutazama kama ina deni. Majirani nao humletea za kwao, naye huwatazamia bila malipo. Mmoja alikuta deni la pikipiki aliyoiuza zamani bila kubadilisha jina kwenye kadi, akaondoka mbio kwenda kumtafuta mnunuzi. Paschal amerudishiwa kitanda, ingawa anasema bado anadai kuombwa radhi kwa maandishi.

Ng'washi ameshika neno lake. Esteria akipiga simu Sola, mama humpa mzee.

"Namwelewa," anasema Esteria. "Mimi sikumtaja, baba ndiye aliyekwenda. Lakini mimi ndiye niliyeleta habari mlangoni."

Kila Jumamosi, akimaliza mzunguko wa mjini, huendelea hadi Lagangabilili na lita mbili alizozibakiza. Dumu la kwanza Lukresia alilimimina kwenye sahani ya mbwa mbele yake. La pili alilipokea bila kusalimia. Sasa hukaa pamoja. Mfupa umeunga vibaya kidogo, Lukresia anachechemea na hawezi tena kuzunguka na beseni kichwani, hivyo dagaa anawauzia nyumbani, ambako wateja ni wachache.

Nilimkuta akipepeta dagaa. Alinikaribisha kiti na kunitahadharisha kwamba hajasamehe.

"Baba mtu amekuja, amelipa, amelia hapo ulipokaa," anasema. "Dada mtu anakuja kila wiki, na nimemzoea. Lakini mguu hakuuvunja baba wala dada."

Shida anatarajiwa kutoka gerezani mwezi wa saba. Huko Sola, mama yake ameshatenga mbuzi wa kumchinjia na ametuma ujumbe kwamba kijana apitilizwe moja kwa moja nyumbani. Esteria ana mpango wake. Siku hiyo hatabeba maziwa. Ataondoka mapema na kofia ngumu mbili, atamngoja mdogo wake langoni na kumpakia nyuma. Nyumbani watafika, ila baadaye.

"Mama atakasirika zaidi, na mbuzi atapoa," anasema. "Kwanza Lagangabilili. Nitamshusha mlangoni kwa mama wa dagaa, mimi nitabaki nje."

Nilimuuliza Lukresia kama atampokea. Aliweka ungo chini.

"Amlete," alisema. "Siku ile niliona mgongo wake tu."